Sauti ya Siku Ile ya Uchungu

Kamembe, Jumapili

Papa Elikia wangu,

Tuko wazima. Elikia ameota jino la pili na ananiuma akinyonya, kwa hiyo silali vizuri. Nikikaanga samaki wadogo wa sambaza, bado ninakuwekea sahani bila kufikiri.

Jana muuza maparachichi mmoja mjamzito, Joselyne, aliniambia anatoka huko milimani unakoongoza kituo cha afya. Hakujua mimi ni nani.

"Shefu wetu mupya anajua kazi, lakini anatufokeaka kama batoto. Mimi nitazalia nyumbani."

"Na damu ikitoka nyingi?"

"Afadhali damu kuliko aibu, maman."

Sikumwambia kuwa mimi ni mke wako, lakini wewe nakuambia. Najua wagonjwa ni wengi na umechoka. Ila siku nilipomzaa Elikia, nilipokuwa ninalia, ulinisemesha polepole: "Mwavita, niko hapa. Pumua." Sauti ile ndiyo ninayoitamani kila usiku, kwani siku hizi hata kwenye simu unaniamrisha.

Ukiwa bado na sauti ile, usiniwekee mimi kwanza. Mtafute Joselyne kabla uchungu haujamshika, umsemeshe nayo. Mimi nitangoja zamu yangu.

Mwavita wako