Foni ya Kampuni na Sauti ya Mama Yako

Riziki, mwana wa dada,

Jua kwanza hivi: kutoka Walikale mpaka Masisi hakuna tena muntu anayejua foni, ile redio ya kuitana kwa mbali, kunishinda. Komanda wa baryeri, pale askari wanapofunga barabara, ananisalimia yeye wa kwanza. Kama ningetaka, vita hii ningeisimamisha kwa mikro moja, kati ya chai na chakula cha saa sita.

Ninajua ungesema nini. "Mujomba, shusha volume." Haya, nimeshusha.

Ni miezi miwili tangu tukuzike, na mimi niko palepale, kama kuku chini ya kitunga. Barabara ya Masisi imefungwa. Ndege ndogo zinakuja kubeba mawe ya machimbo, muntu hazibebi. Nilimwambia piloti anipime na mimi, nina uzito kupita gunia. Alicheka, akafunga mulango. Pori nyuma, baryeri mbele. Hata ile homa njo hivyo ilikushinda: dawa ilikuwapo, lakini ng'ambo ya baryeri.

Foni yetu ingali nzima. Majirani wawili ninaowaamini ninawaambia mimi njo niliibadilisha. Usinikatize! Wewe ulisoma mambo ya umeme Goma, sawa. Lakini nani alizitoa zile foni mbili kwenye depo ya kampuni ya mbao, wakubwa walipokimbia? Nani alizibeba mugongoni siku mbili, chui akitufuata? Wewe ulisema ni imbwa. Ilikuwa chui.

Zilikuwa zinajua njia moja tu, ya kampuni: bosi anauliza magogo mangapi. Wewe ukafungua, ukanionyesha kwartzi, kale kajiwe kembamba kanakoamua sauti ipite njia gani. "Tukikasaga kidogo, mujomba, njia inapanda. Tunatoka kwa kampuni, tunafika kwa radioamateri." Nikauliza hao wanauza nini. Ukasema hawauzi kitu. Wanazungumza na watu wasiowajua, kwa kupenda tu. Mimi nilidhani unanichezea.

Tukasaga juu ya kioo cha dirisha, kwa dawa ya meno. Hapa Walikale kila muntu anatafuta jiwe kubwa. Sisi wawili tu tulikuwa tunapunguza. Kusaga, kuosha, kupima, kusaga tena. Kajiwe ka kwanza nilikaua mimi. Ulitoka kuangalia maharagi jikoni, nikaongeza nguvu, kakanyamaza kabisa. Haukunifokea. "Mujomba, hii kazi haitaki mukono wa kupasua kuni." Vijiwe vilivyobaki ulivimaliza wewe mwenyewe. Ile siku ukasikia muzee wa Brazil anaeleza mvua ya kwao kwa Kifaransa kibovu, ukalia. Mimi niliwaambia majirani ni jenerali wa Brazil, ameniuliza shauri.

Antena yako ingali inajifanya kamba ya nguo. Shati langu la misa linakaukia pale wiki ya tatu sasa, kwa sababu askari wakijua ni antena, nitaitwa mupelelezi, na mupelelezi hapa haulizwi mara mbili.

Sasa nifike kwa neno ninalolizunguka.

Ile foni ya pili, uliyomutengenezea mama yako, muntu mumoja wa Butembo, mwenye duka kule Kitshanga, aliifikisha kabla barabara haijafungwa. Iko dukani kwake. Kila Jumapili, Siku ya Mungu, saa kumi, mama yako anatoka kambini kwa wakimbizi wa vita anakuja kuita. "Riziki, Riziki, mama yako hapa. Batri iko na shida? Ao mujomba wako anakusumbua?" Hajui, Riziki. Hakuna muntu aliyetoka huku akafika kule. Anaita, anangoja, anaita. Halafu anasema, "Basi, Siku ya Mungu ijayo," anaenda.

Juzi alisema amekupatia kikwembe kipya, kitenge kizuri. Anauliza akiuze ao akuwekee. Yeye mwenyewe anafunga kilichopasuka.

Mimi ni mudogo wake. Amenibeba mugongoni. Nimedanganya maofisa, nimedanganya padri, nimekudanganya wewe juu ya chui. Yeye sijui nimwambie kwa kinywa gani.

Lala, mwana wa dada. Kaburi lako nimelizungushia mawe, mvua haishushi tena udongo. Na ninakuahidi: Siku ya Mungu hii mama yako atajua, kwa sauti yangu, bila chumvi hata kidogo.

Nikuambie na hili, wewe peke yako. Majirani ninawaambia batri imekufa, njo maana sijibu. Batri imejaa. Na ninamujibu kila mara. Akiita tu ninasimama, ninatoa kofia, ninashika mikro, ninamwambia yote: homa ilivyoanza, siku uliyotuacha, mahali ulipolala. Ninamaliza, ninamuomba musamaha. Tena kwa sauti kubwa.

Lakini kile kibonye cha kusemea, kinachopeleka sauti Kitshanga, sijakibonyeza hata siku moja.

Mujomba wako