Kaka Anataka Kuchota Udongo wa Kilima cha Makaburi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijakosana na ndugu yangu wa tumbo moja. Katikati ya shamba letu kuna kilima kidogo cha makaburi ya watu wa kale, hata baba hajui walikuwa nani, na kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye dereva wa trekta, siku zote alitaka kukisawazisha kwa sababu kinamzungusha, mimi nikawa nakataa, basi wakaja watafiti wa udongo wakakata mfereji mwembamba ubavuni mwa kilima, wakakuta chini yake ardhi ya zamani iliyofunikwa kabla jembe halijaigusa, nyeusi, laini, inavunjika mkononi kama mkate, ina vitundu vya minyoo, na hapo pembeni tunapolima udongo una rangi ya majivu na ni mgumu kama tofali, nikamwambia baba, huu na ule ulikuwa udongo mmoja, sisi ndio tumeuchosha kwa kuupindua na kuchoma mabua.

Baba akanipa upande wa chini nijaribu. Sikuugusa kwa trekta, nikaacha mabua juu, nikapanda kunde katikati ya mahindi, kaka akaniita Bibi Uvivu mbele za watu, na msimu wa kwanza kweli niliaibika, lakini mwaka huu mvua kubwa ilipopiga maji ya kwake yalikimbia na udongo mpaka barabarani, ya kwangu yakazama palepale, na jua lilipokaza mahindi yake yakajikunja, yangu yakasimama kijani, nikavuna mpaka mlango wa ghala ukagoma kufungwa, majirani wakaja kuuliza siri, nikawajibu, "Muulizeni kaka, yeye ndiye anayejua kulima." Wakacheka, naye alikuwepo.

Sasa kaka anasema, "Kama udongo wa kilimani ni dawa, nauchota niumwage kwangu." Baba anasema tumalizane wenyewe. Nikikataa ataona namnyima. Nifanyeje?

Bibi Uvivu

*

Bibi Uvivu, hongera, tena hongera. Umeshinda, na ghala ni shahidi. Lakini mdomo wako, binti, umelima vibaya kuliko trekta. Kaka yako alikuwa anatafuta njia ya kukubali bila kuinamisha kichwa, wewe ukaiziba kwa mzaha.

Kuhusu kilima, jibu ni hapana, na liseme bila kutafuna maneno. Udongo ule ukimwagwa shambani utachoka kama huu wenu, na mtakuwa mmewafukua marehemu bure. Wewe hukuchota hata konzi moja, na bado umevuna. Mwambie hivyo.

Nenda kwake leo, usingoje aje, wewe ndiye mdogo. Muombe radhi kwa ile kauli, wifi yako akiwepo asikie. Kisha mpeleke upande wako, mpe jembe achimbe popote anapotaka, na unyamaze aone mwenyewe. Halafu muulize trekta lifungwe kifaa gani cha kuchana mstari wa mbegu bila kupindua ardhi, maana hilo hulijui, yeye analijua. Ushindi huu ni mkubwa, unawatosha wote wawili. Msimu ujao pandeni pamoja, shamba zima, mpaka kwenye mpaka wa jirani.