Gego la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu,

Ninakuandikia kutoka Nachingwea kwa sababu mambo ninayotaka kusema siwezi kuyasema mbele yako, na wewe usingekaa ukayasikiliza. Mke wangu Zainabu atakusomea akifika Nkowe. Mwambie asome yote, asiruke mahali kwa kunionea huruma.

Siku nilipokuja kuposa ulipita nyuma ya nyumba, umejifunika kanga hadi puani. Ming'oko, vile viazi vya porini, uliichemsha wewe, ikaletwa na mtu mwingine. Nilikusikia ukicheka jikoni kabla sijauona uso wako. Tangu hapo hatujawahi kula pamoja. Mimi nakohoa nikikaribia ua wako, wewe unaacha kutafuna. Ndivyo wakwe wanavyoheshimiana kwenu na kwetu, na niliipenda heshima hiyo.

Kisha gego likakuleta kwenye kiti changu. Pale kituo cha afya tabibu wa meno nilikuwa mimi peke yangu, hukuwa na mwingine wa kumkimbilia. Ulikaa ukitazama ukutani. Nilipokuomba ufungue mdomo uliufungua kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni. Nami, tabibu mzima, jasho likanitoka. Mdomo ambao sijathubutu kuutazama ukila, leo niutie vidole!

Jino lako halikuhitaji kung'olewa. Lilihitaji kusafishwa ndani ya mizizi, kisha lizibwe. Kuosha humo kuna namna mbili. Unaweza kutumia sindano peke yake: unapitisha dawa taratibu, inaingia na kutoka na uchafu. Au, baada ya sindano, unaingiza kijimashine chenye ncha nyembamba kinachoitetemesha dawa mpaka ifike kwenye kona. Mizizi iliyonyooka sindano inaimudu vizuri tu. Yako imepinda. Ni kama chupa ya mafuta ya ufuta: ukimimina maji tu, mafuta yanabaki mabegani, sharti uitikise.

Mashine ilikuwa pale, mkono unafika. Lakini ingetaka ufungue mdomo wazi, nami niiname karibu na uso wako kwa muda mrefu zaidi. Nikaiacha. Nikaosha kwa sindano, haraka haraka, nikiitazama taa kuliko jino.

"Linauma, mama?" nilikuuliza.

"Haliumi, baba."

Mkono wako ulikuwa umelikamata pindo la kanga mpaka vidole vimekakamaa. Niliuona. Nikachagua kuamini maneno.

Sasa naambiwa shavu limevimba, unatafuna upande mmoja, na Alhamisi unakwenda Ruangwa kuling'oa. Zainabu alikuuliza kwa nini usirudi kwangu, ukamjibu, "Mkwe ataona aibu, kwamba dawa yake haikuniponya." Maneno hayo yamenichoma. Uko radhi kulipoteza gego lako la mwisho upande huo ili mimi nisiaibike! Nimekwisha kuaibika, mama. Naona aibu nikivaa koti jeupe. Naona aibu zaidi nikiwaambia wagonjwa wengine wasivumilie maumivu, waseme. Kuna methali moja kuhusu mtu afichaye kisha asizae. Siwezi kuitamka mbele ya mkwe, lakini imetupata sote wawili.

Usiende kuling'oa. Njoo na Zainabu kesho, uvimbe si wa kungoja Alhamisi. Nitaifungua mizizi upya, nitaosha kwa sindano, kisha kwa mashine, bila haraka. Huenda likapona, huenda nikashindwa, ila safari hii nitalitazama. Ukipenda, jifunike kanga machoni, uniachie mdomo tu.

Na nikikuuliza kama linauma, nakuomba, mama, kwa mara hiyo moja usiniheshimu. Piga kelele.

Mkweo mwenye haya,
mume wa Zainabu