Sikio la Falonne na Mashine ya Papa Nicolas

Makiso, Kisangani
Tarehe 9 Oktoba 2024

Mpendwa Tonton Edouard,

Kwa heshima zote na mbele ya familia nzima, ninakutangazia rasmi kwamba mlango wa choo chetu, baada ya miezi saba ya kufungwa kwa kamba, ungali unafungwa kwa kamba. Aliye ndani anaimba, ili wengine wajue kuna mtu.

Na wewe je, mgongo unasemaje? Tantine Adeline ameacha kukohoa, au vumbi la Kolwezi bado linamsumbua? Sisi huku tunapumua, tunakula pondu, tunamshukuru Mungu.

Juu ya mlango usicheke, tonton. Bawaba zimekatika na wa kuzichomelea hakuwepo. Mafundi wetu mmewachukua ninyi watu wa migodi. Mtaani alikuwa amebaki Papa Nicolas peke yake, na macho yake yameingia ukungu. Mlango unaweza kungoja. Baleinière, ile boti ya chuma ya dada yangu Félicité, haikuweza: ilipasuka chini, tukaivuta hadi ukingoni, na mto ulikuwa unapanda kila siku. Maji yangeifikia kabla haijazibwa, ingezama palepale, na safari za Barumbu zinazolisha watoto wake watano zingekuwa zimekwisha.

Nikajiuliza kwa nini hakuna aliyejifunza kwa mzee huyu. Mwezi uliopita nilikwenda kukaa karakanani kwake siku tatu, naangalia tu. Kumbe akitaka kupima umeme wa mashine ya kuchomelea, anafunika namba kwa kofia yake, kisha anazungusha kitufe chini ya kofia. Miaka ishirini na sita, hakuna aliyeiona namba.

“Papa, juu ya nini unaficha?”

“Na weye, juu ya nini unauliza?”

Siku ya tatu alikuwa anajaribu kipande cha chuma. Ng’ambo ya njia, Falonne, mama anayekaanga samaki, akapaza sauti bila hata kugeuka:

“Papa Nicolas, punguza! Iko naungua, haiko nakaanga.”

“Mama, angalia samaki yako!”

“Yangu iko muzuri. Ni yako iko nalia.”

Papa akapunguza. Chini ya kofia, lakini akapunguza. Mshono ukatoka laini.

Nilivuka kumwuliza. Alisema chuma kikishika vizuri kinalia kama samaki ndani ya mawese. Umeme ukizidi kinatema, ukipungua kinakohoa. Amekaa mbele ya karakana ile miaka kumi na mmoja.

Félicité alipolisikia hilo, alimwomba Papa ampe Falonne masque ya kuchomelea. Mzee aliigusa kofia yake, halafu: “Bon. Lakini kofia inabaki.”

Wiki mbili Falonne alijizoeza kwenye mabaki ya vyuma, Papa akimshika kiwiko. Jumatatu, maji yakiwa hatua nne tu kutoka kwenye baleinière, aliuziba ufa wote. Sasa mama wawili wa sokoni wanataka kujifunza kwake. Najiuliza ni wangapi mtaani wanaijua kazi bila kujua kwamba wanaijua. Huko kwenu fundi anafundishwaje? Niulizie, tafadhali.

Nisalimie Tantine Adeline, Katungu na Néhémie. Mungu awalinde muingiapo na mtokapo.

Mpwa wako akupendaye daima,
Osée

N.B. Leo baleinière imeingia majini. Mshono wa Falonne ni mkavu kabisa. Maji yanaingia pembeni, kwenye mshono ambao Papa Nicolas aliuchomelea mwaka jana.