Mgongo Umetulia, Bwana Anataka Ninenepe Tena

Mshauri wangu, nisaidie kabla furaha hii haijageuka vita nyumbani. Mimi ni Wavinya, miaka arobaini na tatu, nauza nafaka soko la Mukuyuni, na kwa miaka sita mgongo wa chini umenitesa hadi kuokota kitu sakafuni ni lazima nimwite binti yangu Muthoki, na kanisani kwaya ikisimama mimi nabaki kwa kiti. Mwezi wa pili daktari wa mazoezi ya viungo akaniambia uzito unauongezea mgongo kazi, basi nikapunguza chapati na soda, nikaanza kutembea kila asubuhi na kufanya mazoezi aliyonipa, na leo nimepunguza kilo kumi na mbili, na mshauri, Jumapili iliyopita niliimba nyimbo nne nikiwa nimesimama! Nililia, mwalimu wa kwaya akalia! Lakini tulipofika nyumbani mume wangu Mbithi akasema, "Mama Muthoki, watu wananiuliza kama nakunyima chakula. Rudisha mwili wako." Dada yake Syokau naye anaeneza kwamba nina ugonjwa nauficha. Sasa Mbithi anataka niache kutembea, na mimi, nakiri, kwa hasira nimeacha chakula cha jioni wiki mbili nipungue zaidi, wao waone. Nimridhishe bwana au mgongo?

Wavinya,

Nyimbo nne! Nimesoma barua yako mara mbili nikicheka peke yangu. Hongera, dada.

Sasa nikugombeze. Kulala njaa ili umkomoe wifi ni upuzi. Mgongo haukutulia kwa sababu ya kilo peke yake; wako wembamba wanaolia na mgongo, na wanene wasioujua uchungu huo. Umepunguza mzigo, ndiyo, lakini pia umeipa misuli nguvu, na misuli hailishwi hasira. Leo jioni kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pamoja na mboga, ushibe.

Mbithi hakuchukii, ameona aibu tu, na hakuna aliyemweleza. Acha kubishana naye. Kliniki ijayo nenda naye, aulize daktari maswali yake yote. Syokau usimjibu, atachoka. Maumivu yakirudi kwa nguvu, au miguu ikifa ganzi, kimbia hospitali, usingoje kuniandikia.

Na kutembea usiache! Kesho asubuhi weka viatu vya Mbithi mlangoni, kando ya vyako, umwambie, "Baba Muthoki, twende."