Petroli ya Sajini Marjan

Jumatatu, 12 Julai 1976

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama umeshasoma, basi meza ulichosoma. Usimwambie mkeo, usimwambie padri. Mimi ni karani tu, mtu wa Kisumu, na majuma haya si mazuri kuwa Mkenya Kampala.

Nimetembea kutoka Kisugu hadi ofisini. Mabasi hayana mafuta; Kenya imeyazuia.

Sajini Marjan, askari aliyewekwa kutusimamia, alikuja mezani kwangu na kijitabu cha pikipiki yake. Ile kuukuu ya Kiingereza, ya 1955, aliyogawiwa Wahindi walipofukuzwa. Miaka yote huitia supa, petroli ya daraja la juu. Sasa supa hakuna. Kambini imebaki regula, ile ya chini.

— Karani, wewe najua Kingereza. Hii mashini iko kunywa regula?

Nilisoma ukurasa mara tatu. Kinasema injini hii haibani sana mafuta, regula yatosha. Nikamwambia, inatosha, afande. Ningeweza kusema sijui. Ila kwa mtu kama yule, "sijui" husikika kama "sitaki".

Jumatano, 14 Julai

Sajini ananiita Profesa. Pikipiki inakwenda. Inagonga kidogo mlimani, anasema, lakini mzee yeyote hukohoa akipanda mlima. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi yake.

Ijumaa anakwenda Bombo. Binti yake Rukiah anaolewa, na yeye baba ndiye wa kumwozesha.

Jumamosi, 17 Julai

Lakot, mpiga chapa wetu, kaniambia kwa sauti ya chini. Pikipiki ilizimika njiani, Matugga. Sajini alitembea na kanzu yake begani. Magari hayapo. Alipofika nikahi ilikuwa imeshafungwa. Mdogo wake Sajini ndiye aliyemwozesha Rukiah.

Sijala.

Jumatatu, 19 Julai

Sajini aliniamuru niende naye kwa Bisimwa, fundi Mkongo wa hapa Kisugu. Bisimwa alifungua injini, akatoa pistoni. Ina tundu kichwani, kidole kinapita.

Nikamwonyesha kijitabu. Alikisoma, akanirudishia kwa ncha za vidole vyenye grisi.

— Kitabu haidanganyi, ndugu. Lakini hii injini haikusoma kitabu. Yule Muhindi alikuwa anashindanaga nayo. Aliweka pistoni ingine, ya kubana sana. Bila supa inagongaga, inagongaga, mpaka inajitoboa.

— Nani alijua? Sajini akauliza.

— Mwenyewe. Mtu wa pikipiki namna hii hawezi kuondoka bila kuandika.

Aliandika. Mimi niliiona karatasi yake.

Januari 1973 nilitumwa Old Kampala kuorodhesha mali ya nyumba ya Bwana Lalani, yule Mhindi. Vitanda sita, cherehani, pikipiki. Kwenye usukani palikuwa na karatasi ya Kiingereza imefungwa kwa uzi: *Tafadhali, supa peke yake. Pistoni si ya asili.* Niliisoma nikiwa na njaa na nyumba bado nne. Amri ilikuwa kuandika vitu vyenye thamani. Nikaandika: karatasi moja, haina thamani. Nikaibana ndani ya faili, nikatia saini.

Jumanne, 20 Julai

Sajini analitaka faili la Lalani. Kesho asubuhi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi.

— Profesa, tutasoma pamoja. Kama Muhindi naandika kitu, nataka jua nani naficha. Sasa hivi Wakenya natufungia mafuta. Pengine wengine iko hapa ndani.

Lakot akaniambia niitoe karatasi, niile na chai. Lakini juu ya jalada kuna hesabu ya kurasa, kwa mwandiko wangu: kumi na moja. Zikiwa kumi, nimeiba. Zikiwa kumi na moja, nilijua.

— Basi isome wewe, Lakot akasema. Yeye Kiingereza hajui. Msomee maneno mengine.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimeshinda nikitunga hayo maneno. Nitasema ni barua ya kumuaga mpishi. Imani yangu yote sasa ni kwamba mtu fulani hajui kusoma.

Jumatano, 21 Julai

Naandika nikiwa chumba cha mafaili, nimesimama. Kurasa kumi na moja ziko kwapani. Sikuitoa.

Sajini amefika mapema. Amekaa kwenye kiti changu. Kando yake yupo mwanamke kijana, mikono bado myekundu kwa hina. Aliniamkia vizuri, kwa adabu. Ni Rukiah. Anafundisha Kiingereza shule ya msingi Bombo. Baba yake amemwomba aje amsomee.

Lakot ameacha kupiga chapa. Wananingoja.

Daftari nalitia nyuma ya mafaili ya 1971, hakuna anayeyagusa. Ukilikuta na unataka kunipata, usiulize ofisi hii. Nenda Nsambya, nyumba za reli, mstari wa pili, mlango wenye pazia la kijani. Mwulize dada yangu Aoko. Usiseme jina langu mlangoni. Sema umeleta habari za pikipiki. Kama naye hajui niliko, mwambie asinitafute, ashike njia ya Busia akiwa na watoto, leo leo. Na mwambie ile karatasi sikuificha kwa kus