Dawa Waliyoitema Watoto wa Misungwi

Mjukuu wangu Neema,

Babu yako anakusalimu, mama yako anakusalimu, na Shija mdogo wako naye, siku hizi anajua kusoma. Sote wazima, ila nina wasiwasi kama unakula.

Umeniuliza ufanyeje, maana kampuni ya dawa imekutuma kuwahoji madaktari na kila mmoja anakujibu, "Dawa ni nzuri." Nilipokuwa msichana nikifagia zahanati ya Misungwi, alikuja mgeni wa kampuni ya dawa na karatasi za maswali kama zako. Daktari akamwambia dawa ya maji ya watoto haina shida. Niliogopa kufukuzwa, lakini nikasema, "Samahani daktari, wanaitema. Akina mama wanaichanganya kwenye uji, na mtoto anaacha nusu bakuli."

"Mbona hujaniambia?"

"Hujaniuliza, daktari."

Akacheka, akamwambia mgeni, "Andika hayo ya huyu."

Mwaka uliofuata dawa ile ile ililetwa ikiwa tamu, na watoto wakalamba mpaka kijiko. Siku hiyo nilifagia kifua mbele kama daktari mkuu.

Huko uliko, nani anawaona wagonjwa wakinywa dawa? Ukishamwuliza niandikie upesi, nataka kujua kasemaje.

Bibi yako, huku Buswelu